Kanuni ya Kumi na Saba

Mama Mkuu kanipa funguo tatu na barakoa,
akasema: panga.
Kilicho hai weka kulia,
kilichofutwa weka kushoto,
kilicholiwa na mchwa kiombee.

Kabati ni la mninga, lililetwa na treni
kabla baba yangu hajazaliwa.
Nikilifungua linakohoa vumbi la Dodoma,
lile lisilojua ndani wala nje.

Kanuni za Shirika, mwaka hamsini na sita.
Herufi "a" ya mashine ile ilikuwa imeziba,
kila "sala" ina macho mawili meusi.
Ya tatu: kimya, tangu kengele ya saa tatu usiku.
Ya tisa: sista hapandi baiskeli,
na pembeni, kwa wino wa kijani:
"isipokuwa yule wa zahanati."
Chini yake mwandiko mwingine, wa haraka:
"na yule wa shule."
Kisha mtu amechoka,
amepiga mstari mmoja juu ya kanuni nzima,
baiskeli zikapita.

Ya kumi na moja: Shirika halilipi mahari.
Imebanwa na barua ya mzee Ndahani wa Chipanga:
"Binti yangu mmemchukua, sikatai, ni Mungu.
Lakini huyo Mungu wenu hana hata ng'ombe mmoja?"
Jibu la Mama Mkuu wa wakati huo ni kurasa mbili, lina Kilatini.
Nyuma ya ukurasa wa pili, kwa penseli:
"Mbuzi wawili na debe la chumvi vimepelekwa. Jumanne. Tusiandike."
Nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo.
Ilikuwa saa ya kimya.
Sikujua niiweke kulia au kushoto.

Kisha ya kumi na saba.
"Sista hataenda nyumbani kwa msiba.
Waliokufa tunawafikia kwa sala."
Macho meusi, mawili.

Nyuma yake karatasi ya daftari, pini imeshika kutu:
"Mama Mkuu mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo.
Mama yangu amefariki juzi, Kintinku.
Treni inapita hapa saa kumi na mbili jioni.
Naomba siku mbili. Hata moja.
Ni mimi Sista Wivina Mlewa, wa jikoni."

Muhuri: IMEPOKELEWA.

Nilipekua faili zima, na la mbele yake, na la nyuma,
hata bahasha za risiti za mahindi.
Hakuna jibu.
Muhuri tu, umekaa sawasawa;
aliyeugonga hakutetemeka.

Mwaka sabini na nne, mkutano mkuu.
Ya kumi na saba imefupishwa:
"Akifiwa, aende. Haombi, anaarifu.
Nauli itoke siku hiyo hiyo."
Imeandikwa kwa mkono na katibu wa mkutano,
W. Mlewa.
Niliziweka karatasi mbili sambamba dirishani.
Ile "k" yenye mguu mrefu ni ile ile.
"Siku hiyo hiyo" kaipigia mstari mara mbili,
kalamu ikatoboa.

Yuko chumba cha wagonjwa, mlango wa nne.
Jioni nilimpelekea uji wa uwele, nikamwambia nimeiona.
"Mchwa hawajaila?"
Hawajaila, Sista.
"Hao nao wavivu," akasema, akaomba sukari.
Treni ililia upande wa stesheni.
Hakugeuka. Ni kijiko tu kilichosimama kidogo
kati ya bakuli na mdomo.

Nimerudi kabatini.
Pini nimeing'oa kwa kisu cha mkate,
imeacha matundu mawili yenye kutu, kama ya jino la nyoka.
Kulia, hapana. Kushoto, hapana.
Nimefungua jalada la tatu,
ambalo Mama Mkuu hakulitaja.
Juu yake bado sijaandika kitu.
Ndani wamo mpaka sasa
maiti mmoja wa Kintinku
na mbuzi wawili.