Hodi ya Saa Nane

Mimi ni bawabu wa hospitali hii ya Daugavpils,
ila mlango wangu hauna komeo wala bawaba.
Naketi chini ya ardhi, jirani na mabomba ya maji moto,
na orodha ya watu mia sita na kumi na wawili:
nani aone nini, nani aandike wapi,
nani asijue hata kwamba chumba kipo.

Mkunga namfungulia majalada ya wazazi,
si mishahara. Mhasibu namfungulia mishahara,
si mapafu ya watu.
Mpishi anasoma: kitanda cha saba, bila chumvi.
Jina la aliyelala hapo halimhusu,
na supu haiulizi jina.
Wanafunzi wa udaktari, ruhusa yao inakufa Ijumaa saa kumi,
wapende wasipende.

Mkurugenzi alitaka funguo zote.
Nikamwuliza za nini. Akasema, kwani mimi si mkurugenzi?
Mpe mtu shubiri, kesho anadai pima.
Nikampa zinazomtosha.
Juma zima hakuniamkia.

Kisha ikaja kanuni mpya, kurasa ishirini na tatu,
na katika ule wa tisa, mstari mmoja:
aliyeondoka kazini afungiwe siku hiyo hiyo,
jua lisitue akaunti yake ingali wazi.
Na Desemba kwetu jua linatua saa kumi kasorobo.

Nikapita jina kwa jina. Nikamfikia Arvids Kalve,
aliyenifundisha kazi hii, aliyenigombeza
kwa nywila niliyoiandika kwenye kikaratasi.
Tulimzika Novemba. Alianguka akizoa theluji
mlangoni kwake, koleo mkononi.
Daftari la seva likasema: ameingia jana,
saa nane na dakika kumi na nne za usiku.
Na juzi.
Na usiku wa maziko.

Nikadhani mwizi. Nikakesha na birika la chai ya kisibiti.
Saa ilipofika akapiga hodi, seva ikaitika karibu,
bila swali, kama inavyomwitikia mwenyeji.
Hakugusa dawa, hakugusa pesa.
Alipanda hadi mashine ya eksirei, ghorofa ya tatu,
akabeba picha za siku ile: mbavu, nyonga, taya la mtoto,
akazishusha ghalani, akazihesabu, akatoka.
Dakika sita.

Kumbe ni programu fupi, mistari thelathini,
aliyoiandika mwaka ule nilioajiriwa,
akaiendesha kwa jina lake kwa kuwa alikuwa na haraka,
akasema ataibadilisha Jumatatu.
Jumatatu ipi, hakusema.
Diski ikikaribia kujaa ilimwandikia barua.
Nilizikuta arobaini na moja, hazijafunguliwa:
Arvids, nafasi inakwisha. Wako, Arvids.

Ningemfungia, picha zingekoma kushuka
na asingejua mtu hadi siku ya kuzitafuta.
Ningemwacha, marehemu angebaki na funguo zangu zote mfukoni.
Basi nikaumba mtumishi, nikamwita Mchukuzi.
Asome folda moja. Aandike folda moja.
Asifute kitu. Asiingie kwa mkono wa binadamu.

Arvids sikumfuta. Ukifuta jina,
faili alizoacha hubaki na mwenyewe wa tarakimu,
safu ndefu isiyosomeka, isiyo na wa kuililia.
Nilimzima tu. Kisanduku kimoja, tiki moja,
na kidole kikakaa juu ya kitufe
muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Usiku ule, saa nane na dakika kumi na nne,
hodi ikaja kwa jina geni.
Asubuhi nikaagiza diski.

Mkurugenzi akapata taarifa mezani pake, akanipigia simu,
mara ya kwanza tangu tukasirikiane:
huyu Mchukuzi ni nani,
na analipwa kutoka fungu gani?