Gia Iliyolika

Saa ya gari sijaigusa tangu bandarini.
Imebaki na majira ya huko lilikotoka,
na mimi niliyedhani imeharibika
nilikaa nayo wiki nzima kabla sijacheka:
kule ni mchana, saa moja yao,
huku kumekucha, saa moja yetu.
Limevuka bahari yote hiyo
kuja kusoma saa za Kiswahili.

Fundi Mashauri, pale Gerezani, alilala chini yake
juu ya boksi lililokunjuliwa,
akakwaruza chesisi kwa bisibisi, akaonja kidole.
"Chumvi."
Nikamwambia sote wa pwani tunaliwa na chumvi,
mabati, bawaba, misumari ya jeneza.
"Hapana, dada. Hii haijatoka baharini.
Kule wanaimwaga barabarani kwa malori,
theluji ikigoma kuondoka."
Akatema mate.
Akaongeza elfu thelathini kwenye bei ya rangi.

Chini ya kiti nilikuta brashi ndefu yenye ukucha wa plastiki,
risiti iliyofifia,
na glovu moja, ya mkono wa kushoto.
Kuna na swichi ya kupasha kiti moto.
Niliiwasha siku moja, Februari, saa nane mchana,
kwenye foleni ya Mwenge,
kwa ujinga tu.

Lakini kilichoninyamazisha ni pedali.
Ya klachi imelika hadi chuma.
Kirungu cha gia kimelainika kama kete ya bao,
namba zimefutika zote, imebaki ya tano.
Ya breki
bado ina meno yake, kama ya mtoto.
Mtu gani huyu? Tani mbili na ushei,
milima, barabara nyeupe inayoteleza kama sabuni,
na breki haigusi?

Desemba, siku ya tatu ya mvua, Goba,
mteremko wa Kwa Pazi.
Udongo mwekundu umekuwa uji.
Kirikuu ya mikate imelala ubavu mtaroni
na watoto wanaokota silesi zisizolowa.
Shemeji Kisoki kashika dari kwa mikono miwili:
"Breki! Tekla, breki!"

Nikakanyaga.
Mkia ukataka kuwa kichwa.
Ukuta wa jirani ulikuja dirishani,
nikasoma tangazo zima la mganga, na namba yake ya simu.

Nikanyanyua mguu.
Hakuna aliyenifundisha; nilikumbuka tu
kipi kimelika na kipi hakijalika.
Kile kigia kidogo cha pembeni, nikakivuta.
Namba moja. Miguu yote sakafuni, mbali na kila kitu.
Injini ikanguruma kwa ndani, ikajizuia yenyewe,
tukashuka kama mjamzito anayeshuka ngazi za Muhimbili:
anaujua uzito wake, hagombani nao.
Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya kirungu
na hapo ndipo nikaielewa ile glovu.

Kisoki hakusema neno hadi kwenye lami.
Kisha akauliza kama nina maji ya kunywa.

Leo asubuhi mkrismasi wa getini
umemwaga maua usiku kucha juu ya gari,
kioo hakionekani, boneti haionekani,
yamelowa, yamegandamana.
Nikaichukua ile brashi.
Nilisukuma kutoka katikati kwenda pembeni,
taratibu, kama ninayejua,
na wekundu wote ule ukaporomoka bila sauti
ukajilundika miguuni pangu.

Sijui theluji ina uzito gani.
Nilisimama kidogo, nikakung'uta brashi kwenye tairi,
nikachungulia ndani.
Saa moja na robo.
Huko kwake, sijui kama bado anaendesha.
Nimechelewa kazini.