Mwimo wa Kushoto

Mwaka umechongwa juu ya lango: elfu moja mia tisa thelathini na saba.
Ile saba ya mwisho ina ufa; kunguru amejenga hapo
kwa waya, vijiti, na kipande cha chandarua.
Huku Kizingo majani ya mkungu huanguka mekundu,
bawabu Tsuma huyafagia akinung'unika,
na kesho huyakuta tena, kama riba.

Nyumba si ya mtu mmoja, ni ya ushirika.
Hununui kuta. Wanunua hisa, wanunua majirani,
wanunua kikao cha Jumapili ya kwanza ya mwezi
na daftari la sheria, kurasa kumi na tisa:
madirisha kijani, tena si kijani chochote;
kutwanga kinu baada ya isha, marufuku;
nguo zisianikwe upande wa barabara.
Walinihoji saa nzima. Mweka hazina akauliza
kama napiga ngoma. Nikasema mimi ni mpima ardhi.
Akaandika: hapigi.

Fundi Chivatsi alikwangua siku nne.
Rangi juu ya rangi: maziwa, samli, waridi ya peremende,
buluu ya hospitali iliyoliwa na chumvi,
na chini kabisa chokaa, baridi
kama paji la mtoto aliyetoka homani.
"Nyumba hii imevaa kanga nane," alisema,
"na hata moja haina jina."
Terazo iliposuguliwa ikafumbua macho, meusi na mekundu.
Chini ya sinki tuliokota senti ya tundu,
tukaigombania kidogo.

Siku ya tano akaniita, sauti ndogo.
Mlango wa jikoni, mwimo wa kushoto:
mikato ya kisu, mmoja juu ya mwingine.
R. 1946.
R. 1947.
R. 1949. Mwaka umerukwa; labda maradhi,
labda kisu kilipotea.
R. 1955,
halafu mbao tupu hadi juu.
"Nizibe?"
Sikumjibu. Nilimtuma akapake madirisha.

Bi Rukaiyabai wa namba mbili,
ambaye kikaoni alipinga nisiuziwe
("Vijana hubomoa," na mimi nina hamsini na moja)
alipanda ngazi Ijumaa asubuhi kushtaki vumbi.
Vidato ishirini na viwili. Alipumzika mara tatu.
Akaingia bila hodi, tambara chafu mkononi
kama ushahidi wa mahakamani,
moja kwa moja hadi jikoni.

Tambara likaanguka.

"Baba alipanga humu kabla ya ushirika," alisema, si kwetu.
"Magoti yalipomchoka, tukashuka."
Akavua viatu. Akageuka, akaupa mwimo mgongo,
visigino vimebana ubao, kidevu juu,
kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.
"Haya, fundi. Usinionee."
Chivatsi akalaza bapa la kikwanguo juu ya utosi wake,
taratibu, kama anayefunika kikombe cha chai.

Vidole viwili chini ya hamsini na tano.

"Uongo. Sakafu mmeinyanyua."
Hatukuinyanyua.
"Labda, Bi," nikasema, "labda terazo imevimba."
Akacheka kwa pua. Akachomoa penseli
sikioni mwa Chivatsi, bila kuomba,
akaandika mwenyewe, mkono ukitetemeka,
R., na mwaka huu,
chini ya mwaka ule.
Kisha akauliza ni mwendawazimu gani
aliyehamisha stovu upande wa jua.

Jumapili hoja ya vumbi haikusomwa.
Ila alisimama, mkongojo mbele, juu ya madirisha yangu:
kijani kimezidi uchangamfu, kirudiwe.
Wakapiga kura. Saba kwa moja.
Chivatsi anarudi Jumatatu na kopo jipya.