Povu

Risiti yako, Makokha, nimeikunja mara nne:
trela ya chipsi, huduma kamili,
gesi imekaguliwa. Elfu saba na mia tano.

Alfajiri ile Kariobangi
harufu ilinipokea mlangoni,
kiberiti tayari mkononi.

Leo umekuja na mdomo wa wakili.
Sikubishii. Shika sifongo,
sabuni hii hapa kwenye sufuria:
paka pale nyuma ya jiko, penye kiungo.

Tunachuchumaa wawili.
Povu linafura, jicho moja,
la pili,
linapasuka bila kumtetea mtu.

Umevua kofia.
"Paipu ni ileile, Kavata. Niliipangusa tu."

Pesa kaa nazo.
Lete paipu mpya, uifunge nikiona.
Halafu kiberiti hiki,
utawasha wewe.