Kwa Mgeni wa Kitanda cha Sita

Kwanza, usije na kinene.
Nimekuona Jumanne na kile cha kurasa mia saba
umekipakata kama mtoto wa kuazima.
Mkono wa kushoto hapa ni mali ya mashine,
na wa kulia, peke yake, huchoka kabla ya sura ya pili.
Miaka kumi na tisa nilishona vitabu Eneo la Viwanda;
uzito wa karatasi naujua
kuliko huu wangu, ambao Sista Chepkirui
huuandika tukiingia, akauandika tena tukitoka.

Pili, lete shuka. Damu hurudi mwilini na baridi yake,
na Julai ya Nairobi haihitaji msaada.

Sasa vitabu.
Saa nne ni nusu ya riwaya
ukisoma kama Mutheu wa kitanda cha pili,
anayelamba kidole na kuruka mandhari.
"Jua likianza kuzama nafunua mbele," husema,
"nitalikuta limeshazama."
Akikupa kitu, pokea. Hana muda na mwandishi anayejisikiliza.
Ndiye aliyenipa kile cha mjane muuza gesi
anayemdanganya kila mtu kitabuni isipokuwa msomaji;
nilicheka hadi mashine ikapiga kelele
na Sista akaja mbio, akauliza ni ukurasa gani.

Bi. Rukia macho yamempa kisogo, tunamsomea kwa zamu.
Anataka mapenzi, lakini ya watu wazima,
wenye madeni, wenye meno ya kung'oa.
"Hawa wa miaka ishirini wanalilia nini?
Figo wanazo zote mbili."

Okumu ni wa upelelezi. Huvinunua Ngara,
vilivyotandazwa kando ya njia, vingine havina jalada,
na ladha yake haina kasoro, ila hii:
hawezi kukusifia kitabu bila kukutajia muuaji.
Tumemwekea faini, andazi kwa kila muuaji.
Tangu Januari tumekula kumi na moja.
Mtaalamu wa lishe asisikie.

Mimi je? Mimi nina kimoja.
Mwandishi wake alitoa vitatu kisha akanyamaza,
sijui hata kama yu hai.
Soma cha pili. Ndugu wawili wa Kaloleni,
ua mmoja, bomba moja, miaka thelathini hawasemezani.
Ukiniuliza kunatokea nini, nitaona haya:
mmoja ananunua sabuni ya kipande,
anaikata katikati kwa uzi,
anaacha nusu juu ya bomba.
Basi.
Nimekisoma mara sita, na hapo kwenye uzi
bado hunibidi nitazame dari.
Nilikishona mwenyewe. Kurasa kumi na sita za katikati
zimesimama kichwa chini, kosa langu, hakuna aliyeliona.
Ukifika hapo geuza kitabu,
na wanaodhani unajifanya kusoma, waache wadhani.

Kuna kingine, droo ya chini, upande wako wa kulia.
Kilikuwa cha Gichohi, aliyekuwa akilala hapo ulipo.
Tiketi ya basi iko ukurasa wa mia mbili na kumi na moja;
zimebaki kurasa thelathini na kitu.
Ijumaa ile Okumu alikuwa ameshafungua kinywa,
sote tukamzomea, "Faini! Faini!"
Akacheka, akalipa kabla ya kosa,
na Gichohi akasema atamaliza mwenyewe Jumanne.

Hicho hatukupendekezei, wala hatukukatazi.
Ukikisoma weka alama yako, tiketi iache.
Andazi la kumi na mbili lilikaukia kwenye karatasi yake.
Okumu muuaji anamjua,
na ukimwuliza,
atakuuliza kama huko nje mvua imeanza.