Daftari la Kipimo

Nguzo imesimama kwenye tope la Kombeni,
nyeupe, nyeusi, nyeupe, kama shingo ya punda milia aliyezama.
Kila alfajiri nashuka kutoka Jomvu Kuu, naisoma, naandika:
saa kumi na mbili, sentimita kumi na tisa.
Ofisi yanilipa kwa safu hiyo.
Pambizoni naandika yangu.

Machi, ishirini na tisa.
Mto ni uzi. Kuku wa jirani auvuka bila kulowa magoti.
Kakangu Zawa amerudi kutoka Nyeri
na kopo la bati, ufito wa vipande vinne, na kikohozi.

Miaka kumi na minane akiwaongoza wageni
kwenye mito ya baridi, akiwaonyesha trauti alikolala,
nyuma ya jiwe, uso kwenye mkondo,
akingoja nzi aanguke.
Nzi mwenyewe wa uongo: unyoya, uzi, ndoana.
"Na wakimpata?" mama akauliza.
"Humbusu, wakamrudisha majini."
Mama alicheka hata akakaa chini.
"Yaani mtu alipe nauli ya ndege
aje kumsumbua samaki!"

Aprili, kumi na moja. Mita moja na nusu.
Mvua ya mwaka imepiga Rabai usiku kucha.
Mto umeshuka na mabua, na ndala moja ya mtoto,
na mlango,
mlango mzima na komeo lake,
ukipita taratibu kama mtu ajuaye anakokwenda.
Safu ya mlango haimo daftarini.

"Maji haya ni uji," asema Zawa. "Samaki haoni. Tungoje."
Tukangoja mezani, chini ya balbu.
Akafunga nzi kwa manyoya ya shingo ya jogoo,
singa za mbuzi,
na uzi wa zari uliobaki nilipodarizi kofia ya shemeji.
Vidole vyake vinene, lakini fundo halikuonekana.
"Hutupi nzi," akanambia. "Watupa uzi.
Nzi hufuata, kama mtoto nyuma ya mamake sokoni."
Nikajifunza uani, kati ya kamba za nguo.
Nilivua shuka mbili na kanzu.

Mei, tatu. Mita moja na kumi.
Usiku tulimpeleka Makadara.

Mei, nne.
Mei, tano.
Mei, sita.

Ofisi ikapiga simu: safu ziko wazi,
mto ulikwenda wapi?
Nikawajibu, mto ulikuwepo.

Juni, mbili. Sentimita sitini na mbili.
Kipupwe kimeingia, maji yanajitenga.
Chini ya mikoko pana mpaka, umenyooka kama pindo la leso:
huku chai ya maziwa, kule kijani cha chupa.
Vidagaa huja na maji ya mto, hufika hapo, husita.
Kolekole yu ng'ambo,
kama afisa wa forodha asiyekubali hongo.

Zawa hakuuona mpaka huu. Aliueleza tu,
kitandani, kwa kidole, juu ya blanketi la hospitali.

Nikaunga vile vipande vinne.
Nikatupa uzi. Ukanasa mkoko.
Nikatupa tena, ukanasa kitambaa changu cha kichwa.
Mara ya tatu nzi wa zari akatua pindoni,
akaelea, akasita naye,
na maji yakapasuka.

Sijui alinivuta muda gani. Saa sikuwa nayo.
Najua kiganja kilichanika
na kwamba nilikuwa nikimwita kakangu kwa sauti
kama mwendawazimu, na tope limenifika mapajani.
Alikuwa wa fedha, mkia manjano,
jicho kubwa lisilo na kinyongo.
Nikachomoa ndoana. Nikafungua mikono.

Mama alikuwa ukingoni, kashika sufuria.
Sikumjua alifika lini.
Akatazama maji mahali yule samaki alipozama,
kimya, muda mrefu,
kisha akauliza:
"Umembusu?"
"La."
"Basi umemrudisha bure."

Jioni tulikula mchicha.