Mstari wa Sita

Tulikuwa mstari wa tano wa orodha,
Kisumu, alfajiri, ukungu umelalia ziwa,
Apondi akapiga simu ya ndani:
mzee wa siti ya kumi na moja ametapika,
tumpe dakika?
Nikamjibu. Kapteni Wafubwa akacheka,
akarudia kisa cha fundi wake kule Riat
aliyejenga ngazi akasahau mlango.
Mnara ukatuhimiza: ya Eldoret inakaribia, ondokeni.
Nikarudi kwenye orodha,
kidole kikatua mstari wa saba.

Wa sita ulisema: vibawa.

Injini zikapandisha sauti. Yangeyange wakatimka majanini.
Ndipo honi ikalia, kali, kama mbuzi aliyekanyagwa,
macho yangu yakashuka kwenye wenzo:
sifuri.

Tulisimama. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyejua.
Kapteni akawatangazia abiria hitilafu ndogo ya mitambo.
Mitambo!
Mtambo ndio pekee uliokumbuka.

Siku hizi nikikatizwa naanza upya,
mstari wa kwanza, kwa sauti,
mnara unune ukitaka.
Apondi naye, kabla hajasema neno,
husikiliza kwanza
kama tunasoma.